Nahodha Asemaye Hapana: Kumpeleka Mgeni Kuvua kwa Nusu Siku

(Hotuba hii ilitolewa na nahodha mmoja wa Watamu, Kaunti ya Kilifi, kwa wanachama wa vikundi vya kujisaidia waliokuja kutembelea kikundi chake. Tumeipanga kwa vichwa vidogo ili isomeke kwa urahisi katika mikutano yenu.)

Wenzetu mliotoka Taita na Makueni, poleni kwa safari. Najua wengine wenu leo asubuhi ndiyo mara ya kwanza kukanyaga maji ya chumvi. Karibuni sana.

Nimeombwa niseme juu ya hii kazi yetu ya kuwapeleka wageni wa likizo kuvua samaki. Na jana jioni mama mmoja aliniuliza swali bila kuzunguka. Alisema, "Nahodha, sisi kikundi chetu tuna akiba. Je, tununue boti tupeleke watalii?" Nilimwambia, mama, nitakujibu kesho mbele ya watu wote. Nitalijibu, lakini kwanza mjue hii kazi ni nini. Mtu hanunui ng'ombe kwa kusikia sauti yake.

MGENI ANANUNUA NINI?

Watu wengi hufikiri mgeni anakuja kununua samaki. Sivyo. Angetaka samaki angekwenda pale bandani, akanunua nguru mzima, akarudi hotelini kabla chai haijapoa. Mgeni ananunua asubuhi moja. Anataka kuona jua likitoka upande wa maji, ashike mshipi, asikie kitu chenye uhai kikimvuta kutoka chini, halafu arudi nyumbani kwake salama na hadithi. Hayo maneno mawili, "arudi salama", hayaandikwi kwenye bei, lakini ndiyo aliyoyalipia kuliko yote.

Kazi hii si mpya. Mwandishi wa Marekani, Ernest Hemingway, alivua Malindi mwaka wa 1934 baada ya kuwinda huko bara. Miaka mingi kazi hii ilikuwa ya boti kubwa na ya matajiri. Siku hizi wageni ni wengi wa aina nyingi. Wako Wazungu, ndiyo, lakini mwezi wa Agosti na Desemba wateja wetu wengi ni Wakenya wenzetu: mwalimu na familia yake, vijana wa ofisi kutoka Nairobi, mama aliyekuja kumtembelea mwanawe. Hawa hawana siku nzima wala pesa za boti kubwa. Wanataka nusu siku. Nao wanajua kupatana bei, msifikiri ni rahisi!

Tena hapa kwetu nusu siku inatosha. Sehemu nyingi za dunia mtu husafiri saa nyingi kabla ya kufika kwenye kina. Hapa Watamu ukishapita mwamba, kilindi hakiko mbali. Ndiyo sababu samaki wakubwa hupita karibu.

SAFARI INAVYOKWENDA

Safari ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi huanza jana yake. Jana yake natazama mambo matatu: mwezi, upepo na mafuta.

Mwezi kwa sababu ya maji. Wenzetu wa bara, hapa maji hupanda na kushuka mara mbili kila mchana na usiku. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, tofauti yake hupita meta 3. Katikati ya siku hizo ni maji mafu, hayendi mbali. Siku za bamvua hapa pwani maji hujaa kama saa kumi alfajiri, na hupwa kabisa kama saa nne asubuhi. Kwa hiyo ukitoka na mgeni asubuhi siku ya bamvua, unatoka juu ya maji mengi, unarudi mwamba ukiwa umetoa meno. Mlango uliopita bila kufikiri wakati wa kwenda, wakati wa kurudi si ule tena. Likumbukeni hili, nitalirudia.

Upepo nao una miezi yake. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na bahari kwa kawaida huwa nzuri. Kusi huanza Aprili au Mei mpaka Septemba, na ndiyo yenye mawimbi. Na kila siku, asubuhi hutulia kuliko mchana. Ndiyo maana nusu siku yetu ni ya asubuhi.

Mafuta nachuja kwa kitambaa, hata kama nimeyanunua kituoni. Nitawaambia kwa nini.

Saa kumi na moja alfajiri tuko ufuoni. Baharia anapanga chambo: ngisi, vipande vya pweza, dagaa. Nanga na kamba yake ndefu, kasia, dira, filimbi, ndoo ya kutolea maji, maji ya kunywa, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Namwachia mzee wa ufuoni karatasi: tumetoka wangapi, tunaelekea wapi, tunarudi saa ngapi. Tusiporudi saa hiyo, yeye ndiye wa kwanza kuuliza.

Mgeni akifika, kwanza anavaa jaketi la kuokolea. Kulikalia hapana, kulishika mkononi hapana. Analivaa na kamba zinafungwa. Hata mimi navaa. Zamani sisi mabaharia tuliona haya kulivaa, tukidhani mgeni atasema huyu hajui kuogelea. Lakini nahodha akivaa, hakuna mgeni anayebishana.

Halafu namwambia maneno machache. Usisimame boti ikienda. Usizungushe mshipi mkononi, samaki mkubwa akivuta utakukata vidole. Usishike samaki kabla hatujakuambia. Kuna samaki kama tafi, wengine humwita chafi, miiba yake ina sumu na uchungu wake humliza mtu mzima. Akimchoma mtu tunatia mkono au mguu katika maji ya moto, ya kiasi cha kuvumilika yasije yakamwunguza, mpaka uchungu upungue, na kama haupungui tunakwenda zahanati. Kwa hiyo tunabeba chupa ya chai ya maji ya moto matupu.

Kisha namwuliza kama bahari humlevya. Wengi wanasema hapana kwa sababu hawajawahi kupanda. Nawashauri wale kidogo asubuhi, mkate na chai, wasije na tumbo tupu wala na sahani ya maharagwe na nyama. Mwenye dawa ya kuzuia kutapika aimeze kabla ya kutoka, kwa maana akishaanza kutapika haitakaa tumboni. Akianza kuchafukwa, namwambia asitazame chini ndani ya boti, atazame mbali kule mbingu zinapokutana na maji. Kofia avae, na shati la mikono mirefu. Jua la baharini humpiga mtu mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye maji.

Tukipita mlango, tunaanza kurambaza. Yaani boti inakwenda polepole na mishipi inafuata nyuma na chambo. Hapo huja mzia, kolekole, na siku ya bahati nguru au jodari. Hapo ndipo mgeni hupiga kelele. Nimemwona mzee mwenye mvi, mtu wa kuheshimiwa kwao, akicheka kama mtoto kwa sababu ya kolekole wa kilo mbili. Baadaye tunatia nanga mahali pa mawe, nje ya hifadhi, tunateremsha mishipi yenye chubwi kutafuta changu na tewa. Watoto hupenda sana sehemu hii, kwa sababu samaki huuma mara kwa mara. Saa tano hivi tunarudi.

SAMAKI NI WA NANI?

Hili husababisha ugomvi, kwa hiyo lisemwe kabla ya kutoka. Sisi tunasema: samaki wa kutosha chakula cha mgeni ni wake, wanaobaki ni wa boti. Boti nyingine hufanya tofauti. Si kitu, mradi mmepatana mapema.

Wale wadogo tunawarudisha. Kasa haguswi, sheria inamlinda. Na ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, ambayo iliwekwa mwaka wa 1968, hakuna kuvua kabisa, hata kwa mshipi wa mtoto. Nahodha asiyejua mpaka wa hifadhi asibebe mgeni.

Kuna jambo litawashangaza. Sulisuli, yule samaki mwenye pezi kama tanga mgongoni, huja kwa wingi kuanzia kama Novemba hadi Januari. Boti nyingi zinazopeleka wageni, zikimpata, humbandika kibandiko chenye namba, humpima kwa macho, humwachilia aende. Mara ya kwanza kuona nilikasirika. Nilisema, hawa wana wazimu, chakula cha watu hamsini kinarudishwa majini! Lakini fikirini. Sulisuli akiuzwa bandani, analipwa mara moja. Akiachiliwa, kesho kutwa mgeni mwingine analipia kumtafuta. Na akivuliwa tena mahali pengine, ile namba inaeleza alitoka wapi na amekua kiasi gani. Nyinyi wakulima mnaelewa: mbegu hailiwi hata kama njaa ipo.

SIKU NILIYOSEMA NDIYO

Sasa nataka niwaambie jambo ambalo sikulitangaza kwa miaka mingi. Kikundi changu wanalijua.

Ilikuwa mwisho wa Agosti, mwaka wa 2011. Kusi bado ipo. Binti yangu alikuwa kidato cha pili, shule inafunguliwa wiki ifuatayo, na karo sina. Kwa siku tano hakuna boti iliyotoka na mgeni. Jioni akaja baba mmoja wa bara, na mke wake na watoto wawili, msichana wa miaka kama kumi na mitatu na mvulana wa tisa. Kesho ndiyo siku yao ya mwisho. Alisema, "Nahodha, nimewaahidi hawa watoto tangu Januari." Akataja pesa. Nikasema ndiyo, kabla hata ya kutazama juu.

Asubuhi boti zingine zilikuwa zimefungwa. Mzee mmoja alikuwa amekaa akishona wavu. Aliniambia, "Leo bahari imekataa." Nikamjibu kwa heshima kwamba tutakwenda karibu tu, tutarudi mapema. Yeye akaendelea kushona.

Jaketi zilikuwa nne, na moja kamba zake zimekatika. Mama na watoto walivaa. Baba alichukua ile mbovu akaiweka chini ya kiti. Mimi na baharia hatukuwa na kitu. Petroli nilinunua usiku kwa mtungi, sikuichuja, nilikuwa na haraka.

Kutoka tulitoka vizuri. Hiyo ndiyo hila ya bahari. Watoto walipata changu watatu, wakafurahi. Upepo ukaongezeka, nikageuza kurudi. Ilikuwa ni bamvua, na saa ilikuwa inakaribia nne. Maji yalikuwa yakitoka nje kwa nguvu, na upepo unaingia ndani. Hawa wawili wakikutana mlangoni hugombana, na mawimbi husimama wima kama ukuta. Nilikuwa najua hayo tangu utoto, marehemu baba yangu alinifundisha. Kujua nilijua.

Tulipofika mlangoni injini ikakohoa mara mbili ikazima. Maji kwenye petroli. Boti ikageuka ubavu. Wimbi la kwanza lilitujaza nusu. La pili lilimchukua yule mvulana.

Ndugu zangu, nilimwona akienda. Kichwa chake kilitoka juu kwa sababu ya lile jaketi. Baharia wangu alijirusha akamshika. Baba yake alisimama kutaka kuruka, mke wake akamshika shati kwa mikono miwili, maana hakujua kuogelea hata hatua moja. Mimi nilitupa nanga, ikaburura, ikaburura, halafu ikashika jiwe kama meta thelathini kabla ya mwamba. Msichana alikuwa anatoa maji kwa ndoo bila kuambiwa na mtu.

Yule mzee alikuwa ameacha wavu wake tangu tulipotoka. Alikuwa anatutazama. Alikuja na vijana wawili na mashua yenye injini, wakamtoa mvulana na baharia majini, wakatufunga kamba, wakatuvuta mpaka ufuoni. Mzee hakusema neno lolote, wala siku ile wala siku nyingine.

Pale mchangani, yule baba alikaa na mwanawe mapajani kwa muda mrefu. Kisha akatoa pesa akanilipa zote. Nilisema hapana, chukua. Akaniwekea mkononi, akawaambia watoto waage. Angenitukana ningelala usingizi. Alinilipa, na mimi nikazichukua, na binti yangu akaenda shule kwa pesa hizo. Huo ndio ukweli na siwezi kuupamba.

SANDUKU LA HAPANA

Nilikwenda mbele ya kikundi nikasema yote. Nilitegemea watanifukuza. Mwanachama mmoja alisema kweli nifukuzwe, nahodha aache tamaa. Lakini mama mweka hazina wetu akauliza swali moja: "Je, kati yenu mabaharia, nani angesema hapana siku ile, na karo haijalipwa?" Kimya. Hakuna aliyeinua mkono. Akasema, "Basi shida si ya huyu peke yake. Mmeweka sheria ya kukataa, lakini anayekataa analala njaa. Sheria ya namna hiyo haitafuatwa."

Hapo ndipo tulipoanzisha sanduku. Kila safari inayotoka, sehemu ya kumi ya malipo inaingia ndani. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Siku ambayo safari imekatazwa kwa ajili ya bahari, mgeni anarudishiwa pesa zake zote, na nahodha na mabaharia wanalipwa nusu ya ujira wao kutoka kwa sanduku. Tumeliita Sanduku la Hapana.

Na watu watatu wana haki ya kusema hapana: nahodha, baharia, na mzee wa ufuoni. Mmoja wao akisema, imekwisha. Hakuna kupiga kura, hakuna kubembelezana. Baharia mdogo kabisa anaweza kumkatalia nahodha.

Haikuwa rahisi. Mwaka wa kwanza tuligombana. Siku moja mimi nilikataa safari ya watu wanne. Saa nne bahari ikatulia kama maji ya mtungi! Wageni wale walikuwa wamechukuliwa na boti nyingine, wakarudi na nguru wawili wakapiga picha mbele yetu. Wenzangu walinung'unika, wakasema nahodha ameingiwa na woga. Mweka hazina alifungua sanduku akanihesabia pesa yangu mbele yao wote, hakutoa hotuba. Kwangu mimi hiyo ndiyo siku sanduku lilifanya kazi yake. Kumlipa aliyekataa wakati dhoruba imekuja kweli, ni nani atakayekosa kufanya hivyo? Mtihani ni kumlipa aliyekataa na dhoruba haikuja.

HESABU BILA KUJIDANGANYA

Sasa tulete kalamu. Huu ni mfano tu, bei hubadilika kila mahali. Tuseme familia imelipa shilingi 8,000 kwa nusu siku.

Mafuta: 2,500.
Chambo, barafu na maji ya kunywa: 500.
Nahodha: 1,000.
Mabaharia wawili, kila mmoja 700: 1,400.
Akiba ya injini na boti: 1,200.
Sanduku la Hapana: 800.
Kikundi: 600.

Jumlisheni wenyewe, ni 8,000. Mmeona kikundi kinabaki na ngapi? Mia sita. Na hapo hatujamlipa dalali aliyemleta mgeni. Kijana wa ufuoni akiomba elfu moja yake, kikundi kinadaiwa mia nne. Halafu kumbukeni kuna miezi ya kusi ambayo unaweza kukaa wiki nzima bila safari. Anayeona 8,000 akasema hiyo ni faida, huyo bado hajaharibikiwa na injini.

Wengi wakiona hivyo hupunguza. Na wanapunguza nini? Hawapunguzi mafuta, boti haitakwenda. Wanapunguza jaketi, wanapunguza akiba ya injini, wanapunguza sanduku. Yaani wanapunguza yale ambayo mgeni hayaoni mpaka siku ya shida.

Mama wa jana, jibu lako ni hili. Kama kikundi chenu hakina mvuvi aliyezaliwa na hii bahari, msinunue boti. Lakini msiondoke hapa mkidhani hamna nafasi. Pale penye mti, kikundi cha kina mama huwapikia wageni samaki wao wanaporudi. Samaki wa kupaka kwa nazi, wali, na maji ya madafu. Mgeni ana njaa, ana samaki mkononi, na ana hadithi anataka kuisimulia akiwa ameketi. Kina mama wale hawanunui petroli. Kusi ikivuma, wanawapikia watu wengine. Nawaambia kweli, ziko miezi wao hutukopesha sisi.

Kwa wale wa pwani mtakaoanza, nendeni kwanza kwa kamati yenu ya ufuo, zile BMU zilizowekewa kanuni mwaka wa 2007. Ulizeni ofisi ya uvuvi habari za leseni. Boti isajiliwe na ikaguliwe na wanaohusika na vyombo vya majini. Malipo ya mbele tunachukua nusu kwa simu, na tunamwambia mgeni wazi: ukighairi wewe dakika ya mwisho, hatukurudishii, tukikataa sisi kwa ajili ya bahari, unarudishiwa yote siku hiyo hiyo.

NA WEWE UKIENDA LIKIZO

Wengine wenu siku moja mtakuja kama wageni, pamoja na watoto. Nitafurahi. Lakini kabla ya kupanda boti ya mtu yeyote, hata yangu, ulizeni maswali haya wala msione haya:

1. Jaketi ziko ngapi, na liko la kumtosha mtoto? Niletee nilione.
2. Boti hii imesajiliwa kubeba watu wangapi?
3. Maji yanapwa saa ngapi leo, na tutapita wapi kurudi?
4. Nani ufuoni anajua tunarudi saa ngapi?
5. Samaki ni wa nani?
6. Ukikataa kwenda kwa sababu ya bahari, utanirudishia pesa?

Nahodha akikasirika kwa sababu ya maswali, mwage kwa heshima utafute mwingine. Na nahodha akisema leo hapana, tafadhali usimwongezee pesa. Najua umewaahidi watoto. Ukimwongezea pesa unamsukuma mahali ambapo mimi nilisukumwa.

Wazee wetu walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Unaweza kutembea mbele na nyuma ya chombo, mwisho utarudi pale katikati, chini, penye maji ya kutolewa. Kwetu sisi wa vikundi, pale chini ni kwenye hesabu. Tukikutana tunaimba umoja, tunaimba kusaidiana. Mimi nimejifunza kwamba kusaidiana ni kumwezesha mwenzako kufanya lililo sawa bila kulala njaa.

Yule mvulana sasa ni mtu mzima. Sijui aliko. Baharia aliyemshika bado ninaye, ni yule pale anayetengeneza chambo, naye anaona haya nikimtaja. Wiki iliyopita yeye ndiye aliyenikatalia safari. Mimi niliona tunaweza kwenda. Tulikaa chini ya mti, tukanywa chai, tukalipwa nusu.

Kina mama wako tayari na chakula, karibuni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kazi ya kikundi chetu, ni nani anayepaswa kusema hapana, na akisema anapoteza nini?
2. Je, tunaweza kuweka sanduku la namna hii kwa ajili ya kazi yetu: kukataa kuuza maziwa yaliyoharibika, kukataa kubeba watu kupita kiasi, kukataa kumkopesha asiyeweza kulipa?
3. Mabaharia waliwapa uwezo wa kukataa hata walio wadogo. Kwetu, mwanachama mdogo anaweza kumkatalia mwenyekiti?
4. Andikeni hesabu ya mradi wenu kama nahodha alivyoandika yake. Ni kitu gani tumekipunguza ambacho mteja hakioni?